Uvimbe wa milimita 28 kwenye mlango wa kizazi: roboti au mkato wa tumbo?

Dada mmoja wa miaka 43 ameniandikia kwamba amegundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyo katika hatua ya mapema. Barua ya daktari wake inataja „hatua IB1”, majibu ya MRI yanasema uvimbe una milimita 28 na haujatoka nje ya mlango wa kizazi, na amepangiwa kuondolewa kizazi kwa roboti baada ya wiki tatu. Rafiki yake aliyekuwa na saratani ya mfuko wa uzazi alifanyiwa upasuaji wa roboti, akarudi nyumbani kesho yake, na mpaka leo ni mzima. Binamu yake, kwa upande mwingine, amemwambia kwamba roboti imepigwa marufuku kwa ugonjwa huu. Anauliza nani kati yao amsikilize, na kama aikatae roboti.

Dada yangu, pole sana kwa maradhi, na pole pia kwa kuvutwa huku na huku wakati unahitaji utulivu. Nitaanza na jibu lenyewe ili usilitafute mpaka mwisho: kwa uvimbe wa milimita 28, ushahidi uliopo unaelekeza kwenye upasuaji wa wazi, yaani wa kukata tumbo, na ungekuwa mgonjwa wangu ndivyo ningekushauri. Roboti haijapigwa marufuku. Hapo binamu yako ametia chumvi, ingawa hakulitoa jambo hilo hewani. Mwezi Februari 2019 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, iliwatahadharisha wagonjwa na madaktari kwamba usalama na ufanisi wa vifaa vya upasuaji wa roboti katika kuzuia au kutibu saratani ulikuwa haujathibitishwa. Hiyo ni tahadhari, na sababu zake zinastahili kuelezwa taratibu.

Lakini kabla ya roboti, kuna jambo katika barua yako lililonifanya niisome mara mbili. Hatua IB1 na milimita 28 havikai pamoja, isipokuwa kama daktari wako ametumia mgawanyo wa zamani. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, FIGO, lilibadilisha mgawanyo wa hatua mwaka 2018. Zamani IB1 ilichukua uvimbe wowote unaoonekana kwa macho usiozidi sentimita 4. Sasa IB1 ni uvimbe usiofikia sentimita 2, IB2 ni kuanzia sentimita 2 mpaka chini ya 4, na IB3 ni sentimita 4 na kuendelea. Kwa hesabu ya sasa, wewe uko IB2. Ugonjwa wako haujakua kwa kubadilishiwa jina. Uvimbe ni ule ule. Hata hivyo jina hilo lina uzito, kwa sababu mjadala mzima kuhusu nani anaweza kufanyiwa upasuaji mdogo zaidi au wa matundu (vifaa vikipitishwa kwenye matundu madogo badala ya mkato mmoja mkubwa) unazunguka mpaka huo wa sentimita 2, na mtu anayesoma „IB1” bila kutazama kipimo anaweza kukuweka upande usio wako.

Sasa tuje kwenye roboti yenyewe. Neno hilo linapotosha kidogo, maana hakuna mashine inayojiamulia kukata. Daktari wa upasuaji huketi pembeni ya chumba, macho yake yamo kwenye kioo kinachomwonyesha ndani ya nyonga kwa kina na ukubwa, na kila anavyosogeza vidole, mikono ya mashine iliyo juu ya mgonjwa inaiga mwendo ule kupitia matundu ya ukubwa wa milimita chache tu. Ncha za vifaa hujipinda kama kifundo cha mkono, jambo ambalo vifaa vilivyonyooka vya upasuaji wa kawaida wa matundu haviwezi. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kupata nafasi, na mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa chini ili utumbo uondoke njiani. Mashine ya da Vinci, iliyo maarufu kuliko zote, iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 na ikaruhusiwa kwa magonjwa ya wanawake mwaka 2005. Mwaka uliofuata, madaktari wa Norway wakatoa taarifa ya upasuaji mpana wa kuondoa kizazi uliofanywa kwa msaada wake.

Upasuaji huo mpana una historia ndefu. Ernst Wertheim aliufanya mjini Vienna mwaka 1898, na kiini chake hakijabadilika sana: kizazi kinaondolewa pamoja na tishu zinazoshikilia mlango wake kushoto na kulia, sehemu ya juu ya uke, na tezi za limfu za nyonga huchunguzwa au kutolewa. Ugumu uko kwenye majirani. Mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo hupita katikati ya tishu hizo zinazopaswa kutolewa, na daktari hulazimika kuifumua kila mmoja hatua kwa hatua, kama mtu anayetoa uzi kwenye kitambaa bila kuukata, huku mishipa ya damu ikiwa juu yake na neva za kibofu zikiwa chini. Kwa kazi hiyo, roboti ni chombo kizuri kweli kweli. Damu inayopotea ni kidogo, mikono haitetemeki, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Kwa miaka zaidi ya kumi sisi wataalamu tuliamini kwamba faida hizo zinakuja bure, kwa kuwa kinachotolewa ndani ni kile kile. Hata mimi niliamini hivyo, na niliwaambia wagonjwa wangu hivyo.

Mwaka 2018 likatoka jaribio lililoitwa LACC, lililoongozwa na Pedro Ramirez wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston. Vituo 33 katika nchi mbalimbali vilishiriki, na wanawake 631 wenye saratani ya mapema waligawanywa kwa kura: 319 wapasuliwe kwa matundu, iwe kwa roboti au bila roboti, na 312 wapasuliwe kwa mkato wa tumbo. Karibu wote walikuwa na IB1 ya mgawanyo wa zamani, kundi ambalo wewe ungeingia. Waandaaji walitarajia kuonyesha kwamba njia ya matundu si duni. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu matokeo yalikwenda kinyume: baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 86.0 kwa njia ya matundu na asilimia 96.5 kwa mkato wa wazi. Kwa maneno mengine, katika kila wanawake 100, takriban 14 wa kundi la matundu walirudiwa na ugonjwa au kufariki, wakati kwa kundi la mkato walikuwa watatu au wanne. Waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 93.8 dhidi ya 99.0. Uchambuzi wa mwisho uliochapishwa mwaka 2024 haukubadilisha picha: katika miaka minne na nusu, waliokuwa hai walikuwa asilimia 90.6 kwa matundu na 96.2 kwa mkato.

Ukizitazama tarakimu hizo vizuri, utaona pia kitu cha kukutia moyo: katika makundi yote mawili, wanawake wengi walipona. Wanaopewa ushauri wa kukata tumbo hawaokolewi kutoka kwenye ugonjwa usiotibika; wanachopunguziwa ni hatari ambayo haikuwa na ulazima wa kuwepo.

Watetezi wa roboti wana hoja moja ya haki. Katika LACC, waliopasuliwa kwa roboti walikuwa asilimia 15.6 tu ya kundi la matundu. Wengine walipasuliwa kwa vifaa vya kawaida vilivyonyooka. Kwa hiyo, wanasema, jaribio lile liliwahukumu wapandaji wa farasi mmoja kwa makosa ya farasi mwingine. Hoja hiyo haianguki yenyewe, lakini inadhoofishwa na takwimu nyingine. Katika toleo lile lile la jarida lililochapisha LACC, Alexander Melamed na wenzake walichapisha kumbukumbu za wanawake 2,461 waliotibiwa Marekani kati ya 2010 na 2013, ambako karibu wanane katika kila kumi wa waliopasuliwa kwa matundu walikuwa wametumiwa roboti. Vifo ndani ya miaka minne vilikuwa asilimia 9.1 kwa matundu na 5.3 kwa mkato. Mwaka 2020 tafiti 15 zenye wanawake 9,499 zilikusanywa pamoja. Zaidi ya nusu ya waliopasuliwa kwa matundu humo walitumiwa roboti, na hatari ya ugonjwa kurudi au kifo ilikuwa juu kwa asilimia 71 ikilinganishwa na mkato wa wazi, wala wingi wa roboti haukuonekana kuipunguza. Upande wa pili, kumbukumbu za kitaifa za Sweden na Denmark, nchi ambazo upasuaji huu umekusanywa katika hospitali chache zenye mikono iliyozoea, hazikuonyesha tofauti hiyo. Ndiyo maana Sweden ikaanzisha mwaka 2019 jaribio la RACC, linalolinganisha roboti peke yake na mkato wa wazi, kwa kura. Nawaheshimu wanaolifanya. Ila kushiriki jaribio ni jambo moja, mgonjwa akijua anapimwa nini na akiwa amekubali kwa hiari. Kupangiwa roboti kama utaratibu wa kawaida ni jambo jingine.

Kwa nini matundu madogo yalete madhara makubwa? Hakuna sababu moja iliyokwisha thibitishwa, lakini ningependa uone kwa karibu kile tunachokishuku zaidi, maana ukikielewa utajua pia cha kumuuliza daktari wako. Katika upasuaji wa matundu hakuna mkono ndani ya tumbo wa kukivuta kizazi huku na kule. Badala yake, mara nyingi msaidizi huketi kati ya miguu ya mgonjwa akiwa ameshika fimbo nyembamba iliyopitishwa ukeni. Fimbo hiyo hupenya katikati ya mlango wa kizazi hadi ndani, puto dogo hujazwa kwenye ncha yake ili isichomoke, na kikombe cha plastiki hukumbatia mlango wa kizazi kwa nje ili kuonyesha mahali pa kukata. Kwa mwanamke anayeondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe usio wa saratani, kifaa hiki hakina neno. Kwako wewe saratani iko pale pale fimbo inapopita. Kila msaidizi anaposukuma na kuzungusha, uvimbe unasuguliwa, unabanwa, na pengine unachanika.

Halafu unakuja mwisho wa upasuaji. Kwa njia ya matundu, uke hukatwa kutokea ndani, tumbo likiwa limejaa gesi, na kwa muda fulani uso wa uvimbe huwa wazi ndani ya tumbo lenyewe, seli zake zikiweza kudondoka au kupeperushwa. Kwa mkato wa wazi, daktari hubana uke kwa koleo chini ya uvimbe kwanza, kisha hukata chini ya koleo, na uvimbe hutoka ukiwa umefungwa. Utafiti wa Ulaya ulioitwa SUCCOR, uliopitia wanawake waliopasuliwa mwaka 2013 na 2014, ulikuta kwamba ugonjwa ulirudi zaidi kwa waliotumiwa fimbo ile, ilhali wale ambao uke wao ulishonwa kuufunika uvimbe kabla ya kukata walikaribiana na wa mkato wa wazi. SUCCOR haikugawanya watu kwa kura, hivyo siwezi kukuambia kwamba kuacha fimbo na kufunga uke kunamaliza hatari. Naweza kusema tu kwamba daktari anayetumia fimbo kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi leo ana mengi ya kueleza.

Hapo ndipo kisa cha rafiki yako kinapopata maelezo. Saratani yake ilikuwa ya mfuko wa uzazi, na huo ni ugonjwa mwingine, ingawa kiungo kinachotolewa ni kimoja. Uvimbe wake ulikuwa ndani ya chumba chenye kuta nene za msuli, haukuwa mlangoni. Jaribio la LACE, lililochapishwa mwaka 2017 likiwa na wanawake 760 wa Australia, New Zealand na Hong Kong wenye saratani ya mfuko wa uzazi ya mapema, lilikuta walioishi bila ugonjwa kwa miaka minne na nusu ni asilimia 81.6 kwa matundu na 81.3 kwa mkato, yaani hakuna tofauti. Kwa hiyo rafiki yako alitibiwa vizuri, na kupona kwake hakukuhusu wewe. Nawaona mara nyingi wagonjwa wanaobeba ushauri wa ndugu waliopona ugonjwa mwingine, na sijui njia nyingine ya kuuzuia ila kueleza.

Kwa uvimbe usiozidi sentimita 2 mambo yamelegea, na nakutajia kwa kuwa utakutana nayo ukisoma. Jaribio la SHAPE la mwaka 2024, lenye wanawake 700, lilionyesha kwamba kwa uvimbe mdogo wenye hatari ndogo, kuondoa kizazi kwa upasuaji wa kawaida kunatosha badala ya ule mpana: ugonjwa ulirudi kwenye nyonga kwa asilimia 2.5 dhidi ya 2.2 katika miaka mitatu, na matatizo ya mkojo yalikuwa machache zaidi. Wengi wao walipasuliwa kwa matundu. Mwongozo wa Ulaya nao unakubali kwamba njia ya matundu inaweza kufikiriwa, katika hospitali zenye uzoefu mkubwa, kwa uvimbe mdogo kuliko sentimita 2 ambao umekwisha kukatwa wote kwa kipande cha koni, yaani kipande cha mlango wa kizazi chenye umbo la pia, na kingo zake zikawa safi. Kwa upasuaji mpana mwingine wowote, mkato wa wazi unabaki kuwa kawaida. Milimita zako 28 hazimo katika kundi hilo. Hata hivyo MRI inaweza kupotoka, hasa kama kipimo kilifanywa siku chache baada ya kukatwa kipande cha kuchunguzwa, wakati jeraha na kufura kwa tishu vinaonekana kama saratani. Muulize tarehe ya MRI na tarehe ya kukatwa kipande. Ni swali dogo, na limewahi kubadilisha mpango wa tiba.

Mkato wa wazi si mzaha, na sitakudanganya. Utakaa hospitali siku kadhaa, kidonda kitauma, na kwa wiki sita hutanyanyua mizigo. Kibofu huchelewa kuamka baada ya upasuaji mpana, hivyo huenda ukakaa na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili, iwe umepasuliwa kwa roboti au kwa mkato, kwa sababu tatizo hilo linatoka ndani. Ovari zinaweza kubakishwa kwa umri wako, usiingie ukomo wa hedhi ghafla, lakini ujauzito hautawezekana tena. Miguu inaweza kuvimba kama tezi nyingi zimetolewa, na hapo uliza kama wanaweza kutafuta kwanza kwa rangi tezi ya mlinzi, yaani ile ya kwanza ambayo saratani ingefikia, ili wasitoe zote bila sababu. Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa mkato hubaki nyuma kwa miezi. Washiriki wa LACC waliulizwa juu ya hali ya maisha yao wiki sita na miezi mitatu baada ya upasuaji, na makundi mawili hayakutofautiana.

Yapo pia mazungumzo ambayo barua yako haikuyagusa, nayo ni kama upasuaji wenyewe ndio tiba yako. Mionzi pamoja na dawa hutibu saratani ya mapema sawasawa na kisu. Jaribio la Italia la mwaka 1997 liliwalinganisha waliopasuliwa na waliotibiwa kwa mionzi, na katika miaka mitano waliokuwa hai walikuwa asilimia 83 kwa pande zote mbili. Waliopata madhara makubwa zaidi walikuwa wa upande wa upasuaji, kwa kuwa wengi wao walilazimika kuongezewa mionzi baadaye. Kwa mwanamke wa miaka 43 asiye na maradhi mengine, mimi bado napendelea upasuaji ili ovari zisiunguzwe na uke usikakamae. Lakini kama MRI inaonyesha tezi zenye shaka, au kama tezi zikikutwa na saratani mwanzoni mwa upasuaji, ni afadhali kuacha kizazi na kwenda kwenye mionzi moja kwa moja kuliko kubeba madhara ya tiba zote mbili.

Usimpigie daktari wako simu kumwambia umekataa. Omba miadi, nenda na mtu wa kukusindikiza, na umuulize kwa adabu: anatumia mgawanyo upi wa hatua, kwa nini amechagua roboti kwa uvimbe unaozidi sentimita 2, kama atatumia fimbo ya kizazi, na uke utafungwa namna gani kabla ya kukatwa. Daktari mzuri hatachukia maswali hayo, na huenda ana sababu isiyoonekana kwenye barua yako. Muda wa wiki mbili au tatu za kutafuta maoni ya pili hautakudhuru. Miezi mitatu ya kusitasita inaweza. Kisha muulize swali la mwisho, ambalo wagonjwa hulisahau: kwa mwaka amefanya upasuaji mpana wa wazi mara ngapi? Kuna madaktari hodari waliojifunza kazi hii karibu yote kwenye mashine, na kumlazimisha mmoja wao akukate tumbo kwa mkono usiozoea ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine. Akikuambia kwamba huo si uzoefu wake, mshukuru kwa ukweli wake na umwombe barua ya rufaa kwa anayeufanya kila mwezi.